Msimu Niliomuuza Wifi

Machi 6

Vitabu vimefika. Mpiga chapa alivileta mwenyewe kwa gari la kuazima, akavishusha barazani huku manyunyu yanaanguka, akaondoka kabla sijafungua katoni hata moja. Nilipofungua nikaelewa haraka yake ilitoka wapi. Mgongoni mwa kitabu jina langu limekaa kichwa chini miguu juu. Nikampigia simu.

"Mama, kwani nani anaangalia mgongo?" akasema.

Nikamwambia kitabu kikishawekwa kwenye rafu hakionekani kitu kingine. Akasema mtandao unasumbua, akakata.

Mimi na mume wangu tumezipanga katoni sebuleni, juu ya mbao, ukuta mzima, maana maji huingia chini ya mlango. Yeye ni fundi wa mafriji. Alisema ameshazoea kuishi na vitu vizito visivyofanya kazi. Alikuwa anatania. Sikucheka.

Machi 8

Nimepata hongera nyingi kuliko siku niliyoolewa. Hakuna aliyenunua. Jirani: "Na mimi uniwekee nakala yangu, tena uniandikie jina ndani." Nikamtajia bei. Akanitazama kama nimemtukania mzazi. Binamu yangu alikuja mbio: "Mimi kusoma sisomi, lakini kwa vile ni wewe, nipe kimoja." Huyo nilimpa. Akakitumia kujikinga mvua hadi kituoni. Nilikuwa dirishani, nikamwona.

Machi 11

Duka la vitabu. Mwenye duka alikigeuza kitabu, akakinusa, akauliza, "Mchapishaji nani?"

"Mimi."

"Aa."

Wachapishaji wawili waliikataa riwaya hii kwa barua ndefu zenye adabu. Hakuna iliyoniuma kama hiyo "aa." Amekubali kuchukua chache kwa mali kauli: vikiuzwa atanilipa, visipouzwa nije nivibebe. Ameviweka rafu ya chini kabisa, nyuma ya madaftari ya shule. "Watu wanataka vitabu vya mtihani, dada. Riwaya ni ya mtu aliyekwisha shiba." Akarudi kwenye mashine yake ya kulaminisha vyeti.

Machi 14

Kazini. Nakaa mapokezi katika kliniki ya macho. Mgonjwa akipewa miwani mipya, mimi ndiye ninayempa kitu cha kujaribia kusoma. Kwa miaka imekuwa kadi ileile chakavu. Leo niliiweka kadi kwenye droo ya meza, nikawapa sura yangu ya kwanza.

Mzee mmoja alisoma kurasa mbili, midomo ikimcheza. Akaivua miwani, akaifuta. "Naona vizuri sana," akasema, akanirudishia kitabu, akaenda zake. Mama mmoja alifika mahali pazuri akauliza kilitokea nini baadaye. Nikamwambia kipo, kinauzwa. "Basi nisimulie," akasema, akajiweka sawa kwenye kiti.

Machi 15

Mvua tangu alfajiri. Hakuna aliyenunua.

Machi 19

Wifi yangu amehamia kwetu. Mvua imeangusha ukuta wa nyuma wa nyumba yake. Ni dada mkubwa wa mume wangu, na mji mzima humwita Matroni, kwa sababu alisimamia bweni la shule ya wasichana tangu ujana wake hadi alipostaafu. Kustaafu hajastaafu. Aliingia na sanduku moja na godoro lililofungwa kamba, akapitisha kidole juu ya kabati langu, akakitazama kidole. Kisha akaziona katoni.

"Kumbe hii ndiyo kazi uliyokuwa unaifanya ukiitwa jikoni?"

"Ndiyo, wifi."

"Haya."

Kuna jambo lazima niliandike hapa kwa kuwa siwezi kulisema mezani. Riwaya inaitwa *Bweni Namba Tatu*, na mtu mbaya ndani yake ni matroni. Anafungua barua za wasichana na kuzisoma. Anawanyoa nywele kwa adhabu. Hayo yote nimeyapata kwa wifi mwenyewe, miaka nenda rudi, tukila, akijisifu jinsi alivyowanyoosha mabinti. Mimi nilikuwa nikiosha vyombo huku nikiyapanga kichwani. Sura ya tisa anamfungia nje msichana mwenye homa, mvua inanyesha, mpaka asubuhi. Hiyo niliibuni mwenyewe, kitabu kilikuwa kimeanza kusinzia. Mwishoni anakufa na hakuna anayekuja kumzika. Nilimwongeza urefu na kumtia mwanya. Nilidhani mwanya unatosha.

"Umemwambia?" mume wangu aliniuliza tukiwa chumbani.

"Wifi hasomi riwaya."

"Alikuwa anasoma barua za watu," akasema.

Machi 22

Nimeuza. Mama mmoja kliniki, amekuja kupimwa, kumbe alisoma shule ile. Alisoma akiwa amesimama, akaanza kucheka peke yake, kisha akaacha kucheka. "Huyu si Matroni wetu?"

Nikamwambia wahusika wote ni wa kubuni.

"Ndiyo, ndiyo," akasema, na akanunua cha kwake na cha mdogo wake.

Machi 27

Yule mama ameniingiza kwenye kundi la simu la wanafunzi wa zamani. Tangu juzi simu haipoi. Mmoja kanunua, akapiga picha ukurasa, kundi likawaka moto. Wanauliza wote swali moja: ni yeye, si ndiyo? Mimi najibu, "Soma uone." Nimelipenda jibu hilo. Halisemi uongo wala halisemi kweli, na linauza.

Nikirudi nyumbani namkuta Matroni amezikunja taulo zangu upya, pembe kwa pembe, kama za hospitali. Namtazama mgongo na kufikiri: laiti ungejua unavyotafutwa.

Machi 30

Daktari wa macho amenikataza. "Hapa watu wanakuja kutibiwa macho, siyo kuchoshwa." Amesema mbele ya wagonjwa. Nimeirudisha kadi yake. Nitamtia kwenye kitabu kijacho na nitamnyima hata mwanya.

Aprili 2

Matroni anasoma.

Nimemkuta amekaa juu ya katoni, miwani puani, kitabu mapajani, kidole chini ya mstari. Hakukificha. Alinyanyua macho, akayarudisha. Nikaenda kupika. Mezani alisema, "Chumvi imezidi."

Aprili 3

Anasoma. Mvua.

Aprili 5

Sura ya nane. Amefua mapazia yangu bila kuniuliza, na hayakauki.

Aprili 6

Sura ya tisa. Hakula.

Aprili 8

Amemaliza. Nilikuwa napiga pasi, akaja akasimama upande wa pili wa meza, akaanza kukunja nguo nilizomaliza.

"Wifi."

"Naam, wifi."

"Habari za barua nilikusimulia mimi."

"Ndiyo."

"Na za nywele."

"Ndiyo."

"Za kumlaza mtoto mvuani nilikusimulia lini?"

Nikamwambia ile ni hadithi tu, yule si yeye, ni mtu mrefu, ana mwanya.

"Mwanya si wangu," akasema. "Viatu ni vyangu. Vya raba, vyeusi, nilivyovaa wasinisikie nikija." Alinyoosha kola ya shati la mdogo wake. "Nilikusimulia pia habari za yule mwenye homa niliyembeba mgongoni hadi zahanati, njia imejaa maji. Hilo nimelitafuta humo. Sikuliona."

"Halikuhitajika, wifi. Hadithi ina njia zake."

"Halikuuza," akasema.

Akaliweka shati juu ya mengine, akaenda kujilaza mchana, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya.

Mume wangu alikuwa mlangoni na bisibisi mkononi. Sijui alisimama hapo tangu lini. "Mimi ni mtoto wa dada," akasema. "Mama alipotutoka nilikuwa siwezi hata kufunga vifungo. Mshahara wa bweni ule ndio uliotulea. Hilo nalo halikuhitajika?"

Nilimwambia na yeye alikuwa na muda wa kuusoma mswada ukiwa kabatini, hakuusoma. Ni kweli hakuusoma. Haikunisaidia kitu.

Aprili 12

Wanafunzi wa zamani wana mkutano shuleni kwao. Wananitaka nikawasomee, na nije na vitabu vyote ninavyoweza kubeba. Mume wangu ameanza kuumwa mgongo. Nitakodi gari.

Aprili 15

Mvua. Matroni hasemi na mimi, lakini salamu anaitikia. Salamu zake zina makali kuliko matusi ya watu wengine.

Aprili 19

Niandike yote sasa, kabla sijaanza kuyapamba.

Ukumbi ulijaa. Wanawake wazima, wenye mikoba na miwani na wajukuu kwenye picha za simu, wakisukumana mabega kama wanagombania mstari wa chai. Mvua ilikuwa inapiga bati, ikabidi nipewe kipaza sauti. Katoni zangu zilikuwa zimepangwa pembeni. Nilikuwa na furaha. Niliyasubiri haya tangu nilipoandika sentensi ya kwanza.

Nikauliza niwasomee wapi. Wakaitikia pamoja: sura ya tisa.

Nikaanza. Nilikuwa nimefika msichana anapogonga mlango nilipomwona Matroni. Sikumwambia kuna mkutano; sijui nani alimwambia. Hakuna aliyemsikia akiingia. Alikuwa amekaa kiti cha mwisho cha safu ya mbele, mwavuli unachuruzika kati ya magoti. Ningeweza kuruka kurasa. Ningeweza kusema sauti imenikauka. Niliendelea, na naliandika hili kwa kuwa ni kweli: nilisoma vizuri zaidi. Nilipunguza sauti pale mtoto anapoacha kugonga.

Nilipomaliza, mwanamke mmoja mwenye koti la manjano akasimama katikati ya ukumbi.

"Yule msichana ni mimi," akasema.

Akalia. Waliokuwa karibu wakamshika. Akaeleza jinsi alivyotetemeka, jinsi alivyoona taa ikizimwa ndani, na maneno yote yalikuwa yangu, hata lile la taa nililolibadilisha mara nyingi kabla ya kuridhika nalo. Ukumbi mzima ulikuwa unafuta machozi. Kisha mmoja akageuka, akamwona Matroni, na wote wakageuka.

Matroni alisimama taratibu. Alimtazama mwenye koti la manjano vile anavyolitazama kabati langu.

"Nakukumbuka," akasema. "Ulikuwa wa kutwa. Baba yako alikuleta kwa baiskeli asubuhi na kukuchukua jioni. Hukuwahi kulala bwenini kwangu hata siku moja."

"Hata leo unambishia," mmoja akapaza sauti.

"Mzee hana haya," akasema mwingine.

Kelele zikazidi. Kuna aliyesema ananyolewa mpaka leo ndotoni, na huyo namwamini, kwa maana Matroni hakumkatalia. Alisema tu, "Wewe nilikunyoa, ndiyo. Ulikuwa na chawa na ulinitukana." Wakamzomea. Hakukaa. Alinyoosha mwavuli kunielekea.

"Mwandishi yuko hapa. Muulizeni yeye."

Wote wakanitazama. Bati likawa linasikika peke yake. Jibu lilikuwa neno moja, na lilikuwa mdomoni: niliitunga. Nikaziona katoni. Nikaona nyuso zile, zilizolia kwa ajili ya kitu nilichokiandika mimi, mimi wa "aa," mimi wa rafu ya chini.

"Kila msomaji ana ukweli wake," nikasema.

Wakapiga makofi. Makofi marefu.

Matroni alisubiri yaishe. "Kwenye kitabu mmenizika bila watu," akasema, hakupaza sauti. "Nilikuja kuangalia mazishi yangu. Naona mmejaa." Akafungua mwavuli akiwa bado ndani, akatoka.

Nimeuza vyote nilivyobeba. Walipanga foleni. Mwenye koti la manjano alitaka nimwandikie, "Kwa msichana wa mvuani." Nikamwandikia.

Aprili 20

Mume wangu amezungumza; dada yake amemweleza ya mkutanoni.

"Yule wa koti la manjano unamfahamu?"

"Hapana."

"Ile sura uliipata wapi?"

"Niliitunga, hapo mezani unapokula."

"Basi waambie."

"Nikiwaambia, nani atanunua?"

Alifunga kisanduku chake cha vifaa. "Sikujua nimeoa duka," akasema, akaenda kwenye kazi zake.

Aprili 23

Simu ya Matroni imekuwa ikipigwa na watu asiowajua. Wakimaliza kumtukana anasema, "Asante, kwa heri," kama aliyepigiwa na posta. Leo chama cha wafanyakazi wastaafu kimemwambia apumzike kidogo kuja vikaoni, mpaka mambo yatulie. Amerudi amelowa, mwavuli mkononi haukufunguliwa. Nilimpa taulo. Aliichukua ile aliyoikunja yeye.

Zamani nilikuwa namwona amejengwa kwa kitu kisichoingia maji.

Aprili 25

Mwenye koti la manjano kanipigia. Anataka niandike maisha yake, kitabu kizima. Nikamuuliza taratibu kama ni kweli alikuwa wa kutwa.

"Siku moja mvua ilinizuia," akasema. "Baba hakuja. Nikaomba nilale bwenini. Matroni akasema hakuna kitanda."

"Akakufungia nje?"

"Alimpata mlinzi wa kunisindikiza nyumbani." Akavuta pumzi. "Lakini hujui nilivyojisikia pale mlangoni, wenzangu wote wako ndani wananitazama. Sikuwa na maneno ya kulisema, mpaka niliposoma kwako."

Nimekaa na simu mkononi. Waandishi huwa tunaomba wasomaji watuamini. Huyu ameniamini kuliko alivyojiamini mwenyewe.

Aprili 30

Maktaba ya mji ilinialika zamani, kabla ya haya yote. Nimekwenda. Mvua ilikuwa imefunga barabara. Walikuja watu wachache, wawili wao kwa ajili ya kujikinga. Nikafungua sura ya tisa, nikaifunga.

Nikawaambia hii niliitunga. Nikawaambia matroni ninayemjua, wifi yangu, alisoma barua za watoto wa watu na aliwanyoa, hilo alinieleza kwa mdomo wake, na alimbeba mmoja mwenye homa mgongoni kwenye maji, hilo nalo alinieleza, nikaliacha kwa makusudi.

"Kwa hiyo ulitudanganya," mama mmoja akasema. Alikuwepo shuleni siku ile.

"Ndiyo."

"Au wifi yako amekubana?"

Kabla sijafika nyumbani kundi la simu lilikuwa limekwisha kunichambua. Nimehongwa, nimetishwa, nimeolewa ukoo mbaya. Walioagiza wameghairi. Mwenye koti la manjano ameandika kwamba nimemfungia nje mara ya pili. Nimelisoma hilo mara nyingi. Ni sentensi nzuri kuliko nyingi za kwangu.

Nikamwambia Matroni. Alikuwa anachambua mchele.

"Walikuwa wengi?"

"Wachache. Mvua."

"Shuleni walijaa."

"Ndiyo, wifi."

"Basi leo umeviambia viti," akasema, akaendelea na mchele wake.

Nilikasirika. Nilitaka nimwambie nimepoteza wasomaji wote niliokuwa nao duniani. Sikumwambia, kwa sababu angeniuliza niliwapataje.

Mei 5

Nilipita dukani kuchukua vitabu vyangu vya mali kauli. Mwenye duka alinivutia kiti. Vimeisha. Watu wamesikia ugomvi, wanakuja wanauliza "kile cha matroni." Sasa anataka katoni zote zilizobaki, na atalipa taslimu, na ataviweka mbele, kwenye kioo.

"Ila chapa ya pili usiiguse sura ya tisa," akasema.

"Nitaibadilisha."

"Basi ibadilishe kimyakimya, mwandishi. Watu wakinunua ugomvi, wewe uza ugomvi."

Aliniita mwandishi. Mara ya kwanza. Nilitoka bila kumkubalia, na njia nzima nilikuwa nalichezea lile neno ulimini, nikijichukia.

Mei 10

Ukuta wa Matroni umesimama tena. Mume wangu amekuwa huko kila jioni na mafundi. Leo wifi amehama. Nilimbebea sanduku hadi mlangoni kwake. Ndani kunanuka saruji mbichi. Aliingia kwanza mume wangu na godoro, kisha Matroni, akapitisha kidole dirishani.

"Nitakuja Jumapili, wifi, nikusaidie kupanga," nikasema.

Akalipokea sanduku mkononi mwangu.

"Usije mpaka nikuite," akasema. Hakuwa na hasira. Alisema kama mtu anayetoa taarifa ya ratiba.

Nikabaki barazani hadi mume wangu alipotoka.

Mei 18

Mvua imekwisha. Nimeanua mapazia, yamekauka.

Nimeiandika sura ya tisa upya. Matroni anamnyoa msichana asubuhi na anambeba jioni, mtoto analia mgongoni kwake akimlaani, na yeye anatembea tu, maji magotini. Ni nzuri kuliko ile ya kwanza. Hilo ndilo linaloniudhi: ilikuwepo tangu mwanzo, mezani, bure.

Katoni bado ziko ukutani. Sijampelekea mtu.

Simu imelia mara mbili leo. Kila ilipolia nilikimbia nikiwa na povu mikononi, nikidhani wifi ananiita. Mara zote mbili ni mwenye duka. Nimeiacha ilie.